Mwaka Uliofutwa

Julai 2020 Waziri wa Elimu wa Kenya, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umefutwa. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na sasa watoto wangerudi Januari katika madarasa yaleyale. Nilikuwa kijijini, chuo nacho kimefungwa, na nilikasirika. Mdogo wangu, mwanafunzi wa darasa la saba katika shule ya kibinafsi, alikuwa akisoma kila asubuhi kwa Zoom kwenye kipakatalishi changu. Niliona amenyang'anywa jasho lake.

Jirani yetu alikuwa na binti wa darasa hilohilo. Yeye alifuata vipindi vya KICD redioni, betri zikiwepo, huku akipukuchua mahindi. Siku moja alinionyesha daftari lenye nusu ya swali la hisabati. "Mwalimu ameendelea kabla sijamaliza kuandika, kaka," alisema. Redio haimsubiri mtu, wala haiulizwi swali.

Je, ni haki kuwasimamisha wote kwa sababu baadhi hawawezi kwenda?

Nilidhani jibu ni rahisi. Kama elimu ni chakula, kumwaga cha mmoja hakumshibishi mwenzake. Lakini shule zetu hazilishi tu, zinapanga foleni pia. Watoto hawa wawili wangefanya KCPE moja na kugombea nafasi zilezile za sekondari. Kuuhesabu mwaka ule kungekuwa kumwambia yule binti kwamba betri zilizoisha ni uvivu wake. Kwa hilo naona Waziri hakukosea.

Ila kilichofutwa ni kalenda. Alichojifunza mdogo wangu kilibaki kichwani mwake. Tarehe 4 Januari 2021 wote wawili walirudi darasa la saba kana kwamba wanaanzia mstari mmoja. Kisha, ili kufidia muda uliopotea, mihula ikafupishwa, na kalenda haikurejea kawaida hadi Januari 2023. Mwendo wa haraka humfaa aliyekwisha kutangulia. Serikali iliyokiri kwamba watoto hawakuwa sawa ilijitwika deni: kumpa aliyebaki nyuma muda zaidi na mwalimu wa kukaa naye. Badala yake ikamwambia akimbie.

Nimeyasema haya katika mijadala ya darasani, sasa ninaposomea uzamili, na wenzangu huitikia kwa vichwa. Kuna jambo moja huwa siwaambii. Kutoka mlangoni petu hadi kwa jirani ni hatua chache. Mbele ya kipakatalishi kile palikuwa na nafasi ya kiti cha pili. Nilijiambia ni korona inayonizuia, ingawa kila jioni tuliteka maji kisima kimoja. Miezi ile yote sikumwita.