Chombo ni cha Nani?

Pikipiki aina ya kruza hutambulika kwa umbo kabla ya mwendo: kiti cha chini, miguu ya dereva iliyotangulizwa mbele, usukani mpana, na injini kubwa yenye silinda mbili zilizopangwa kama herufi V. Nchini Marekani, ambako umbo hili lilizaliwa, wamiliki wengi hawaiachi ikae kama ilivyotoka kiwandani. Huanza na bomba la moshi, kisha kiti, kisha usukani. Wapo pia wanaoamini kwamba kugusa hata skrubu moja ni kumvunjia heshima mhandisi aliyeisanifu. Ugomvi huu huonekana kuwa wa ladha tu, lakini ukichimbwa hufika kwenye swali la nini maana ya kumiliki.

Wahifadhi wana hoja nzito. Kiwandani kila sehemu hupimwa kwa kuitegemea nyingine. Uma wa mbele ukirefushwa na kulazwa, pikipiki hutulia katika barabara iliyonyooka lakini huwa nzito kugeuza ikienda polepole. Hakuna anayebadili kitu kimoja tu. Hubadilika uhusiano wa vitu vingi. Hata hivyo, wanapoliita umbo la kiwandani "asili", wanateleza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waendeshaji, wengi wao askari waliorejea kutoka vitani, walikata madigadi na kung'oa mapambo ili kupunguza uzito. Waliofuata wakarefusha uma, na choppa ikazaliwa. Mwaka 1971 Harley-Davidson ikatoa Super Glide, kazi ya Willie G. Davidson, iliyochota sura yake katika kazi za mafundi wa mitaani. Kwa hiyo anayeitunza leo Super Glide ya mwaka huo bila kuigusa, anahifadhi ukaidi wa watu wengine uliokwisha kupewa namba ya kiwanda.

Wanafalsafa wana mfano wa kale unaofaa hapa, na Kiswahili kinauchukua bila taabu, kwa kuwa neno "chombo" hubeba jahazi na pikipiki pamoja. Plutarch alisimulia merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliibadilisha ubao baada ya ubao. Katika karne ya 17, Thomas Hobbes aliongeza utata: vipi kama mtu angeziweka mbao kuukuu na kuziunga upya? Kilichokuwa kitendawili cha Hobbes sasa kimo katika mabanda ya magari ya Wamarekani. Wamiliki wengi hawatupi spea za kiwandani. Huzitia katika makasha ili zirudishwe siku ya kuuza, kwa kuwa wanunuzi wengi hupenda kisichoguswa. Mtu wa namna hiyo hudai kwamba pikipiki inaeleza nafsi yake, ilhali amejiwekea njia ya kuyafuta maelezo hayo.

Matthew Crawford, mwanafalsafa aliyefungua gereji ya pikipiki, alionyesha katika kitabu chake *Shop Class as Soulcraft* cha mwaka 2009 shaka juu ya uhuru wa kuchagua mapambo katika katalogi. Shaka hiyo ina msingi. Anayelipia bomba la kromu na kumlipa mwingine alifunge hajaunda chochote. Amenunua mara mbili.

Lakini jambo hili lina upande mchungu zaidi. Choppa mashuhuri kuliko zote ni ile iliyoendeshwa na Peter Fonda katika filamu *Easy Rider* ya mwaka 1969, yenye tangi lililopakwa rangi za bendera ya Marekani. Ilianza kama Harley-Davidson ya polisi iliyouzwa mnadani. Walioshiriki kuigeuza ni Clifford Vaughs, aliyekuwa pia mwanaharakati wa haki za kiraia, na Ben Hardy, fundi wa Los Angeles. Wote wawili Wamarekani Weusi. Majina yao hayakuandikwa katika orodha ya walioshiriki kuitengeneza filamu. Mamilioni ya watazamaji waliona uhuru wa kijana mweupe barabarani, wasijue ni mikono ya nani iliyoupa umbo. Ikiwa kubadilisha chombo ni kusema, basi ni haki kuuliza aliyesema ni nani, na nani aliyesifiwa kwa usemi huo.

Kuhusu bomba lililo wazi, hoja ni fupi. Sheria ya shirikisho iliweka kikomo cha desibeli 80 kwa pikipiki za barabarani kuanzia toleo la mwaka 1986. Watetezi wa kelele husema inaokoa maisha. Lakini sauti hiyo hutupwa zaidi nyuma, na gari linalokatiza njia makutanoni huwa mbele. Anayeibeba gharama ni mgonjwa aliyelala ghorofa ya pili, ambaye hana hisa yoyote katika chombo hicho.

Kiti ni habari nyingine kabisa, ingawa wahifadhi hukitia katika kapu hilohilo. Kiwanda hukipima kwa mwili wa wastani, na mwili huo hauna mwenyewe. Mwanamke mfupi anayepunguza povu la kiti ili nyayo zake zikae chini imara kwenye taa nyekundu, akiwa na mtoto wake nyuma, hana deni la kumwomba mhandisi radhi.