Hati na Haki: Swali la Anayenunua Nyumba Upanga

Mtu anayejiandaa kununua nyumba huulizwa maswali mengi na watu wengi. Wakili humwuliza kama amekwisha fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Mthamini humwuliza nyufa za ukuta zimeanza lini. Dalali humwuliza arubuni italetwa siku gani, na ndugu zake humwuliza vyumba ni vingapi na wageni watalala wapi. Aghalabu swali moja hukosa mwulizaji: nyumba hii ilitoka mikononi mwa nani, na ilitokaje? Sheria inajiona imekwisha kulijibu swali hilo. Dhamiri bado, na katika mitaa ya Upanga, jijini Dar es Salaam, ni vigumu kulikwepa.

Upanga imekaa baina ya hospitali ya Muhimbili na barabara inayoitwa leo Ali Hassan Mwinyi, na Kariakoo haiko mbali nayo. Majengo yake ya zamani ni ya ghorofa mbili au tatu, yenye roshani fupi na ngazi za pamoja, na mengi yalijengwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliojenga wengi wao walikuwa Waasia waliobanana katika mitaa ya Uhindini, wakajenga kwa akiba ya duka na kwa mikopo ya jamaa zao. Ukumbi wa Diamond Jubilee, ulio humo Upanga, unabeba jina la sherehe ya mwaka 1946, Aga Khan wa Tatu alipopimwa kwa almasi mjini Dar es Salaam. Jubilii hiyo ndiyo iliyozaa mfuko wa kuwakopesha Maismailia mitaji na fedha za makazi. Kwa hiyo nyumba za Upanga hazikuwa kasri za mabwanyenye. Nyingi zilikuwa deni lililolipwa mwezi kwa mwezi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1971 ikapita Sheria ya Kutwaa Majengo. Jengo lolote lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo mwenyewe hakulikalia lote, liliweza kutwaliwa na kuwekwa mikononi mwa Msajili wa Majumba. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozeeka, na lililotimiza miaka kumi mwenyewe hakupata kitu. Mwaka 1990 kazi za Msajili wa Majumba ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Wengi wa waliotwaliwa walikuwa Waasia, na wengi wao walihama nchi. Lakini nyumba aliyoikaa mwenyewe peke yake haikuguswa. Ndiyo maana katika barabara moja ya Upanga zipo nyumba mbili zinazofanana kwa rangi na madirisha, moja ikiwa imerithiwa baba kwa mwana na ya pili ikiwa imetwaliwa. Macho hayawezi kuzitenga. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ndani ya nyumba hizi mna historia ambayo rangi mpya haiifichi.

Si insafu kuisema sheria ile kama kwamba ilikuwa uporaji mtupu. Ilikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa ya kimaadili. Mwaka 1958 Julius Nyerere alikwisha andika, katika Mali ya Taifa, kwamba ardhi si kitu ambacho mtu amekiumba hata akiuze kama jembe alilolifua. Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwenye majengo kumi, ilisemwa, anaishi kwa jasho la wapangaji kumi. Katika mji ambao wakoloni waliugawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ambako Mwafrika alikuwa na chumba cha Kariakoo na kodi ya kulipa, hoja hiyo haikuwa na haja ya kufafanuliwa.

Kosa lilikuwa katika kipimo. Sheria iliyokusudia kumnyima mnyonyaji ilipima thamani ya matofali, haikupima hali ya mtu. Mwenye majengo kumi na mjane mwenye jengo moja, akaaye juu na kupangisha chini ili alipe deni, walikuwa sawa mbele yake. Wa kwanza alipoteza faida, naye wa pili akapoteza riziki. Haki isiyotofautisha baina ya hawa wawili, hata ikiwa na nia njema, huacha nyuma yake watu waliodhulumiwa kwa jina la uadilifu.

Sasa yuko mnunuzi. Hakuwapo mwaka 1971, pengine hajazaliwa. Amejinyima miaka kumi na mitano, amepata mkopo wa benki, jambo ambalo kwa mtu wa mshahara lilikuwa nadra kabla ya sheria ya 2008 ya mikopo ya nyumba, na sheria nyingine ya mwaka huohuo inamruhusu kupata hati ya sehemu ya jengo. Hati ni safi. Je, nyumba nayo ni safi?

Wanazuoni wa fiqhi walilizungumza suala la jirani na hili. Wakauliza: mtu akisali katika ardhi iliyoghusubiwa, sala yake inasihi? Wengi walisema inasihi, naye ana dhambi ya kuikalia. Mahanbali, kwa kauli yao mashuhuri, walisema haisihi kabisa. Ikhtilafu hiyo ina mafunzo hata kwa asiyesali. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba mahali alipo mtu si jambo lililo nje ya tendo lake, na kwamba ibada haiifuti asili ya ardhi iliyo chini ya kipaji cha uso.

Lakini kuikataa nyumba kwa sababu hiyo pia hakumsaidii aliyedhulumiwa. Nyumba haitarudi kwake. Itakwenda kwa mnunuzi wa pili asiyeuliza. Tena, nani atasimama aseme ardhi yake haina historia? Kabla ya maghorofa palikuwa na mashamba, na wenye mashamba nao walikuta watu. Visiwani, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa, na baadhi yake zilijengwa kwa mali ya biashara ya watumwa na karafuu. Anayefuata mnyororo hadi mwanzo hatapata pa kulala.

Nchi nyingine zilijaribu kurudisha. Uganda, ambako Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972 kwa muda wa siku 90, ilitunga sheria ya kurejesha mali mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 majengo mengi ya Kampala na Jinja yakarudi kwa wenyewe. Furaha ya aliyerudi ikawa msiba wa mpangaji aliyekwisha lea watoto humo. Ujerumani, ilipoungana mwaka 1990, iliweka kanuni kwamba kurudisha kutangulie fidia, ikamlinda aliyenunua kwa uaminifu. Neno hilo, uaminifu, ndilo kiini cha suala. Watunga sheria wale waliona kwamba wanunuzi wawili wa nyumba za namna moja wanaweza kuwa na haki tofauti, kwa sababu ya walivyojua na walivyotenda.

Basi ni lazima kupambanua. Dhuluma ya jana humkuta mnunuzi imekwisha tendeka. Dhuluma ya leo humngoja yeye aitende. Ya kwanza hatahukumiwa nayo, ila atachukua amana ya kuijua. Ya pili ni yake mwenyewe. Nyumba ya shirika ina mpangaji, mara nyingi mzee aliyeikaa tangu shilingi ilipokuwa na nguvu. Yupo anayetaka kumhamisha kwa kilemba, ile fedha ya chini kwa chini anayopewa mpangaji aachie chumba kisicho chake kukiuza, desturi ambayo huko Mumbai nako huitwa kwa jina la kilemba. Yupo anayeuza nyumba ya ndoa bila mke kujua, ilhali Sheria ya Ndoa, iliyotungwa mwaka uleule wa 1971, imekataza kuiuza bila ridhaa ya mwenza. Mnunuzi anayesema “hayo ni yao, mimi nina hati” ametenda dhuluma ya leo huku akijifariji kwamba ya jana si yake. Bei nafuu inayotokana na mzee aliyetishwa au mke aliyefichwa haiwi bahati. Hapo jibu la haki ni moja: asinunue.

Na hata akinunua kwa usafi, ajue kiasi cha alichokinunua. Umiliki wa ardhi wa milele ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kukaa, miaka 33, au 66, au 99. Anayeitwa mwenye nyumba ni mpangaji wa muda mrefu. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa kikwazo cha biashara; kwa jicho la maadili ni ukweli ulioandikwa kwa lugha ya kiserikali, kwamba kila mkaazi amemrithi mwingine naye atarithiwa. Katika jengo la ghorofa ukweli huo una ngazi, paa na bomba la maji, vitu ambavyo hakuna awezaye kuvibeba peke yake.

Liko jambo moja zaidi, dogo kwa gharama. Mara kwa mara hutokea Upanga mtu mwenye mvi, aliyetoka Toronto au Leicester, akasimama chini ya jengo akihesabu madirisha. Hana kesi mahakamani. Anataka kuwaonesha wajukuu roshani aliyoanikia nguo mama yake. Sheria haimlazimishi mwenye hati kufungua mlango, na pengine hofu itamwambia asifungue, asije akadaiwa. Mnunuzi aliyeuliza swali lake kabla ya kutoa arubuni hatakuwa na hofu hiyo. Atajua mgeni ni nani, atamkaribisha kiti na chai, na atamsikiliza akieleza jiko lilikuwa upande gani.