Kuku Wangu na Jirani Yangu



Huko Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila afugaye kuku uani kwake, hata akiwa na mmoja tu, sharti amwandikishe serikalini. Zamani waliolazimika ni wenye ndege 50 au zaidi. Sababu yake ni homa ya mafua ya ndege: ugonjwa ukizuka, mabwana mifugo wajue kuku wako wapi, wapate kuwaonya wenyewe upesi.

Mtu atasema: “Kuku ni wangu, ua ni wangu, yamhusu nani?” Neno hilo si la kudharauliwa. Sheria inayomtoza mjane ada asiyoiweza kwa ajili ya mitetea mitatu ni dhuluma. Lakini kuandikisha huko hakutozwi kitu.

Basi ua wangu una mpaka, bali ugonjwa hauna. Huletwa na ndege wa porini, hata na viatu vyenye mavi ya kuku. Nikificha kuku wangu mgonjwa, wa jirani wakafa, nimemwibia riziki yake bila kuruka ukuta wake.

Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana wetu, jirani yake ni nani. Sisi tufugao mjini tunaye karibu: ni yule aamshwaye na jogoo wetu.

Na tujiulize: tukisafisha banda, je, ni kwa kumwogopa bwana afya, au kwa kumpenda jirani? Bwana afya huja mara moja kwa mwaka. Jirani yupo kila siku.