Hauzeeki, Lakini Hufa

"Ujuzi hauzeeki" imegeuzwa methali ya sherehe za kustaafu. Huandikwa kwenye keki, hutamkwa na mshereheshaji, kisha hubebwa hadi ofisini kuwa ngao ya asiyetaka kufundishwa mfumo mpya: ana miaka 30 kazini, vijana wa juzi watamwambia nini? Vijana nao huicheka, wakiona kuwa ni kifuta machozi cha waliopitwa na wakati. Pande zote mbili zinaisoma kana kwamba inamsifu mzee, ilhali mzee hatajwi humo. Kinachotajwa ni ujuzi, nao unapewa sharti gumu la kutozeeka. Kwa hiyo mimi naisoma kama kipimo. Ukiona ulichokuwa ukikifanya kimechakaa mara tu kifaa kilipobadilika, basi yalikuwa mazoea, na mazoea huzeeka upesi kuliko mwenyewe.

Kipimo hiki kilijaribiwa Lamu mwaka 2018, pale mafundi walioongozwa na Ali Skanda waliposhusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 hivi kilichoundwa kwa tani zipatazo 10 za taka za plastiki na kuvikwa vipande vya maelfu ya kandambili. Mwaka uliofuata kilitweka tanga hadi Unguja. Walimu wa mafundi hao hawakuwahi kuunda chombo kwa plastiki. Plastiki haina tabia za mbao: hulegea, hutanuka juani, na haina nyuzi za kumwongoza mchongaji. Aliyekariri vipimo vya mti peke yake angekwama siku ya kwanza. Kilichowavusha ni kujua mambo yaliyo nyuma ya vipimo: mkuku unabeba nini, mataruma yanazuia nini, maji yatatafuta upenyo wapi. Huko ndiko kutozeeka kwenyewe, maarifa kuhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine yakiwa na nguvu zake.

Mtu ataniuliza: na mtepe je? Pwani hiyohiyo iliwahi kuwa na mafundi walioshona mbao kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigilia misumari, na vyombo vyao vilisafiri chini ya tanga la mkeka. Leo mitepe haipo baharini. Je, ujuzi ule haukuzeeka? Naona swali hili ni zito kuliko yote yanayoweza kuulizwa juu ya methali hii, lakini haliivunji. Methali haikuahidi kwamba ujuzi haufi. Mtepe haukuondoka kwa sababu akili ya washonaji ilichuja. Uliondoka kwa sababu soko liligeuka na mwanafunzi wa kuketi kando ya fundi akakosekana. Ujuzi hufa ukiwa na nguvu zake, kwa kukosa mrithi, na hapo lawama ni yetu sote: mkongwe anayeficha siri ya kazi akihofia kupokonywa kiti, na kijana anayetaka cheti kabla ya kushika tezo.

Ofisini mambo ni hayohayo. Mashine za taipu zimeondoka na karatasi zake za kaboni, na katibu aliyejua kugonga vitufe tu ameondoka nazo. Aliyejua barua gani isitoke kabla ya kusomwa mara ya pili, sentensi gani italeta kesi, na faili gani la masijala halifunguliwi mbele ya kila mtu, huyo alihamia kwenye barua pepe bila kupungukiwa. Wanaouza kozi za wiki mbili kwa jina la ujuzi wa kisasa hawalisemi hili. Wanafundisha mahali pa kubonyeza. Toleo jipya la programu likija, mahali pa kubonyeza pamehama.

Na uraia nao ni kazi yenye ujuzi wake, ingawa tumeufanya somo la kukariri. Nchini Tanzania mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi 3, na hapo ndipo wananchi wanapopaswa kusomewa mapato na matumizi. Ukumbini huketi mama aliyetunza daftari la kikoba miaka na miaka, anayejua kuuliza salio liko kwa nani na stakabadhi iko wapi. Hana la kuongezewa na semina yoyote. Lakini hunyamaza, kwa kuwa ameaminishwa kwamba hesabu za serikali ni za wasomi. Na msomi aliye kando yake, anayeweza kukueleza utawala bora kwa ufasaha, hutia sahihi mahudhurio akaenda zake. Ujuzi upo, umezuiwa kuvuka kizingiti kimoja tu.

Watasema kumhoji kiongozi hadharani ni utovu wa adabu. Adabu ni ya namna ya kuuliza, wala haijafuta swali. Kikobani mwanachama yeyote huomba kuonyeshwa stakabadhi, na mweka hazina hufungua daftari bila kununa. Mwenyekiti wa kijiji anayefoka kwa swali hilohilo atueleze fedha zake zina utukufu gani uliozidi wa zile za akina mama.