Mbwa na Matarajio ya Bwana Wake

Swali la kama mbwa wa kufugwa hutimiza matarajio ya mwenyewe huonekana jepesi, la kujibiwa na kila mwenye mbwa kwa kadiri alivyobahatika, lakini ndani yake mmejificha maswali mawili yasiyofaa kuchanganywa. Mtu huweza kutarajia jambo kama mkulima anavyotarajia mvua za masika, yaani kwa kukadiria yatakayokuja kutokana na yaliyokwisha kupita, na mvua ikikosa atapata hasara bila ya kuwa na wa kumlaumu. Na huweza pia kutarajia kama mkopeshaji anavyotarajia deni lake, yaani kwa kuamini kwamba upande wa pili umefungwa na wajibu, na usipoutimiza ana haki ya kukasirika. La kwanza ni kadirio na la pili ni dai. Mwenye mbwa anayerudi nyumbani akakuta viatu vimetafunwa huanza kwa kadirio lililokwenda kombo na kuishia kwenye dai lililovunjwa, wala hatambui ni wapi alipovuka kutoka moja kwenda la pili.

Wanafalsafa wa zama hizi wameandika mengi juu ya wanyama na maadili, lakini uchambuzi makini kuliko mwingi wa tarajio linaloweza kuwekwa juu ya mbwa unapatikana mahali ambapo wachache wangefikiri kutazama, nao ni mlango wa mawindo katika fikihi, yaani elimu ya Kiislamu ya hukumu za matendo. Kurani, katika aya ya 4 ya Sura al-Maida, imehalalisha nyama iliyokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na kwa kuwa windo lililouawa na mbwa asiyefundishwa huhesabiwa mzoga, iliwabidi wanavyuoni waseme bayana ni mbwa gani anayestahili kuitwa aliyefundishwa. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, yaliweka masharti manne, nayo yamo katika matini fupi ya Abu Shujaa ambayo vizazi vya wanafunzi wa vyuoni vimeisoma: mbwa aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, asile chochote katika windo alilolikamata, na mambo hayo yajirudie mpaka iaminike kuwa si ya kubahatisha. Idadi ya marudio haikuwekwa. Iliachiwa watu wenye ujuzi wa wanyama hao, ingawa wapo wanavyuoni wa Kihanafi waliotaja mara tatu kwa lile sharti la kutokula.

Kinachostahili kuangaliwa hapa ni yale yasiyotajwa. Hakuna sharti la upendo, wala la uaminifu wa moyo, wala la shukrani. Kila sharti ni tendo linaloonekana kwa macho, lililofundishwa kwa mazoezi ambayo mbwa aliweza kuyapokea, na linaloweza kushuhudiwa na mtu wa tatu asiyempenda wala kumchukia mbwa huyo. Hata sharti la kutokula, ambalo kwa juu juu linagusa nia, lilishughulikiwa kwa njia hiyohiyo. Adi bin Hatim wa kabila la Tayy alipomuuliza Mtume kuhusu mbwa aliyekula sehemu ya windo, alielekezwa aliache, kwa kuchelea kwamba mbwa amejikamatia mwenyewe na si kwa ajili ya bwana wake. Jibu hilo linakiri kwamba kukamata kwa ajili ya bwana na kukamata kwa ajili ya tumbo ni vitendo vinavyofanana kabisa hadi dakika ya mwisho, kwamba binadamu hana njia ya kuingia kifuani mwa mnyama akaona kipi ni kipi, na kwamba lililobaki ni kushika alama ya nje na kuamua kwa tahadhari. Wanavyuoni wa Kimaliki, kwa kufuata riwaya ya Abu Thaalaba al-Khushani, hawakuilazimisha alama hiyo na wakaruhusu nyama iliwe, lakini wao pia hawakudai kuujua moyo wa mbwa. Na mbwa aliyekula hakuhesabiwa mkosaji. Kwa kauli yenye nguvu zaidi ya Kishafii, windo lile haliliwi na mafunzo huanzwa upya, basi. Mnyama si mukallafu, maana yake si kiumbe aliyebebeshwa wajibu wa kisheria, na hivyo hakuna dai analoweza kulivunja.

Sheria hiyohiyo ilimfunga mbwa na kazi. Hadithi mashuhuri inaeleza kwamba afugaye mbwa asiye wa kuwindia, wala wa kulinda mifugo au shamba, hupungukiwa kila siku na kirati, ambacho ni kipimo cha thawabu, katika ujira wa matendo yake, na wanavyuoni wa Kishafii waliegemea kuupima ulinzi wa nyumba kwa kazi hizo na kuuruhusu. Wanaoishia kwenye hukumu ya kuosha mara saba chombo alicholamba mbwa huona katika mapokeo haya chuki tupu, na hapo wamesoma nusu tu, kwani ni mapokeo hayohayo yanayosimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumtekea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu. Matokeo ya sharti la kazi, kwa jicho la falsafa, ni kwamba mbwa anakuwa na kipimo: anaweza kuambiwa amefaa au hakufaa, na neno hilo likawa na maana. Mbwa asiye na kazi hana kipimo, na ajabu ni kwamba huyo ndiye anayedaiwa mengi kuliko wote, kwa sababu pasipo na kazi ya kutimiza kinachodaiwa ni nafsi yake yote: apende, ahisi huzuni ya mwenyewe, asisahau, asimfuate mwingine.

Ufugaji wa mbwa kwa ajili ya kuwa naye tu si mpya, lakini ulienea katika tabaka la kati la miji ya Uingereza katika karne ya 19, ukiandamana na maonyesho ya mbwa ya Newcastle ya mwaka 1859 na kuundwa kwa Kennel Club jijini London mwaka 1873, chama kilichoanza kutunza kitabu cha nasaba za mbwa. Hapo tarajio liliacha tendo likaingia mwilini, na sura ya mbwa ikawa ndiyo kazi yake. Bulldog, ambaye uso wake umefupishwa kizazi baada ya kizazi, hupumua kwa taabu, na majike wengi wa aina hiyo huzalishwa kwa upasuaji. Mbwa huyo ametimiza matarajio ya wafugaji kikamilifu, na hiyo ndiyo shida yake.

Dai juu ya moyo wa mbwa hujitokeza wazi zaidi katika ule unaoitwa uso wa hatia: masikio yaliyolazwa, macho yanayokwepa, mkia uliofichwa kati ya miguu. Wenye mbwa wengi huapa kwamba mbwa wao anajua alichokosa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alichapisha matokeo ya jaribio la mbwa 14 pamoja na wenyewe. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula kisha akatoka chumbani. Huku nyuma mbwa mara alikipata chakula na mara kiliondolewa. Na mwenyewe aliporudi aliambiwa, mara kwa kweli na mara kwa uongo, kwamba mbwa ametii au ameasi. Uso wa hatia haukufuata kosa bali ulifuata karipio: mbwa aliyekaripiwa aliuonyesha awe amekula au hakula, na ulikuwa dhahiri zaidi kwa wale waliotii wakakaripiwa bure. Jaribio hilo halithibitishi kwamba mbwa hana majuto kabisa; linathibitisha kwamba alama ambayo mwenyewe huitumia katika kuhukumu ni mwangwi wa hukumu yake. Adi bin Hatim alipewa alama itokanayo na tendo la mbwa, ilhali mfugaji wa leo husoma alama iliyotokana na sauti yake mwenyewe.

Ni vigumu kumtaja mbwa aliyebebeshwa matarajio mazito kuliko Hachiko, mbwa wa aina ya Akita aliyezaliwa mwaka 1923 kaskazini mwa Japani na kulelewa Tokyo na Ueno Hidesaburo, profesa wa kilimo. Ueno alifariki ghafla Mei 1925, na kwa karibu miaka 10 iliyofuata mbwa aliendelea kufika katika stesheni ya Shibuya alikozoea kumpokea, mpaka alipokufa Machi 1935. Katika miaka ya mwanzo alionwa msumbufu na kufukuzwa. Gazeti la Asahi lilipoandika habari zake mwaka 1932 aligeuka kielelezo cha uaminifu, akasimamishiwa sanamu ya shaba mwaka 1934 naye mwenyewe akiwapo, na mwaka 1935 kisa chake kikaingizwa katika kitabu cha maadili cha shule za msingi ili watoto wafundishwe kutosahau fadhila, katika taifa lililokuwa likidai utiifu usio na mipaka kwa mfalme wake. Sanamu ile iliyeyushwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya uhaba wa madini, na nyingine ikawekwa mwaka 1948. Walikuwapo pia waliosema kwamba mbwa yule alikuwa akifuata mishikaki ya kuku iliyouzwa karibu na stesheni, na ni kweli kwamba vijiti vya mishikaki vilikutwa tumboni mwake. Waliomtukuza na waliombeza walifanya kosa moja, la kudhani kwamba lazima mbwa awe alisimama pale ama kwa ajili ya bwana wake ama kwa ajili ya nyama, na kwamba thamani ya kusimama kwake inategemea jibu. Mbwa aliyepazoea mahali ambapo zamani alitokea mtu na baadaye kikapatikana chakula hana haja ya kuzitenga sababu hizo. Mwenye haja ni mtu anayetaka kusimamisha sanamu. Kumsifu mbwa kwa ajili ya kuwafunza watu si jambo jipya: Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima cha kuwatukuza mbwa juu ya watu wengi wavaao nguo, na ni dhahiri kwamba waliokusudiwa kuona aibu hawakuwa mbwa.

Haya hayamfanyi mbwa kuwa mashine, kama mwanafalsafa Descartes alivyoelekea kufundisha katika karne ya 17. Mwanafalsafa Hume, katika kitabu chake kilichoanza kuchapishwa mwaka 1739, alikuwa karibu zaidi na ukweli aliposhikilia kwamba mnyama hufikia hitimisho kwa njia ya mazoea, kama binadamu mwenyewe afanyavyo katika mambo mengi ya kila siku. Na ikiwa ni hivyo, basi mbwa naye anatarajia. Mwaka 2003 watafiti wa Budapest wakiongozwa na Ádám Miklósi walionyesha kwamba mbwa akishindwa kukifikia chakula kilichofungwa hugeuka na kumtazama mtu, ilhali mbwamwitu, hata aliyelelewa na watu tangu utotoni, huendelea kuhangaika peke yake. Tarajio la mbwa katika kugeuka huko limejengwa na maelfu ya miaka ya ufugaji na likakamilishwa na bwana aliyemzoesha mlango kufunguka na sahani kujaa kwa saa yake. Katika uhusiano wa wawili hao ni mmoja tu awezaye kuahidi, na hivyo dai, kama lipo, linatoka kwa mbwa kwenda kwa mtu.

Mwanafalsafa Kant alikiona kipande cha jambo hili alipofundisha kwamba mbwa mzee aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa mpaka kufa, lakini wajibu huo akauhesabu kuwa ni kwa ubinadamu wa mtunzaji na si kwa mbwa. Mafakihi wa Kishafii walisema kwa namna nyingine. Mtu aliye safarini, mwenye maji ya kutosha udhu tu, akiwa na mbwa wa kazi aliyeshikwa na kiu, humpa mbwa maji na yeye akatayamamu, yaani akajitoharisha kwa udongo badala ya maji. Kuhusu mbwa asiye na faida wala madhara, ambaye ndiye hasa mbwa wa kufugwa kwa mapenzi, walitofautiana, na kauli aliyoitegemea Shamsuddin ar-Ramli, aliyefariki mwaka 1596, ni kwamba naye ana heshima ya uhai: hauawi, na kiu yake inahesabiwa.