Nyuma ya Pazia: Je, Kazi Isiyoonekana Yastahili Maisha ya Mtu?

Mwalimu wa Kiswahili, ambaye katika shule nyingi ndiye mlezi wa michezo ya kuigiza, aweza kuulizwa na mwanafunzi wake swali hili: "Mwalimu, mimi sitaki kuwa mwigizaji wala mtunzi, nataka kuwa msimamizi wa jukwaa. Je, nitakuwa nimechagua vyema?" Swali hili si la riziki peke yake. Latutaka tuamue kama ni busara mtu kuyatoa maisha yake kwa kazi ambayo, ikitendeka barabara, haionekani.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwongozaji ndiye aamuaye mchezo uchezwe vipi. Msimamizi wa jukwaa huuandika uamuzi huo katika daftari lake: nani aingie kwa upande upi, taa ipi ififie kwa neno lipi, ngoma ilie lini. Hupanga saa za mazoezi, huhesabu vifaa na maleba, na usiku wa maonyesho yeye ndiye atoaye ishara ya kufungua pazia. Mwongozaji akishamaliza kazi yake, msimamizi huwa mlinzi wa mchezo, ubaki kama ulivyokubaliwa.

Mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha kundi la maigizo la kusafiri, lililowachezea watu bure kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Kundi la namna hiyo, leo liko hapa na kesho kule, haliwezi kwenda pasipo mtu wa kupima uwanja na kuhakikisha kwamba mkuki wa jana haukusahauliwa njiani. Mtazamaji hurudi nyumbani na jina la mwigizaji. Jina la mhesabu mikuki halimfikii. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza. Lakini kiko kizuri kisichojiuza, kwa kuwa alama yake pekee ni kwamba hapakuharibika kitu.

Kinapokosekana, ndipo watu hukiona. Tarehe 30 Desemba 1903, moto ulizuka katika Iroquois Theatre, mjini Chicago, Marekani, mchezo ukiendelea. Pazia la kuzuia moto lilikwama katikati, milango kadhaa ya kutokea haikufunguka, na watu zaidi ya 600 wakapoteza maisha. Basi kukagua kamba, pazia na milango kabla watu hawajaingia si utumishi mdogo. Ni amana ya roho za watu.

Hapa ndipo lilipo jaribio kubwa la kijana wetu, aliyelelewa kuwastahi wakubwa. Siku moja atalazimika kumwambia mwigizaji mashuhuri, mwenye umri wa babaye, "Shikamoo, mzee, lakini jukwaa hili halijawa salama, hatuanzi." Asiyeweza kutamka hayo kwa adabu na bila kutetereka, na asiichague kazi hii, hata akiwa hodari wa kupanga vitu. Wengi hudhani kwamba kazi ya nyuma ya pazia ni kimbilio la waoga. Kinyume chake, yataka ushujaa usiopigiwa makofi.

Lakini walimu wenzangu, tujihadhari. Ni rahisi kumsifu mtu kwa unyenyekevu wake, kisha tukaifanya sifa hiyo kisingizio cha kumnyima ujira. Anayejitolea kutoonekana hakujitolea kutolipwa. Jamii ipendayo maigizo bali isiwajali wayasimamishao yafanana na mwenye nyumba asifuye paa huku akiudharau msingi. Kwa hiyo kijana ana haki ya kuuliza habari za mshahara, wala asionekane mwenye tamaa. Na huenda ikambidi ashike kazi ya pili, kwa kuwa kundi la maigizo halina kazi kila mwezi.

Nimjibuje basi mwanafunzi huyo? Nisimwambie ndiyo wala la. Nimkabidhi mchezo mmoja wa shule, tangu zoezi la kwanza hadi kufagia ukumbi watu wakishaondoka. Makofi yatakapovuma kwa wengine, ajichunguze moyoni. Akiona furaha kwamba kila kitu kilikuwa mahali pake, amekwisha kujijibu. Akiona wivu, hakufanya kosa lolote. Amejua tu kwamba mahali pake ni mbele ya pazia, na jukwaa lahitaji watu wa pande zote mbili.