Mpigakura wa Bulyanhulu na Suala la Kuona Mbele

Utawala unapowageukia watu wale wale walioupa ridhaa, huulizwa kama wapigakura walijua walichokuwa wakikichagua. Swali hilo, ambalo kwa kawaida hutolewa kwa sauti ya lawama, huwa limekwisha kuwafungia wapigakura katika njia mbili zisizo na heshima: ama walijua, na kwa hiyo ni washiriki wa madhara yaliyofuata, ama hawakujua, na kwa hiyo hawakustahili kukabidhiwa kura. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba njia zote mbili zinatokana na dhana potofu ya kuona mbele, na kwamba ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, hasa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa Bulyanhulu wilayani Kahama, unaonyesha upotofu huo kwa uwazi ambao ni nadra kupatikana katika vitabu vya nadharia ya siasa.

Kuona mbele, kwa maana inayotumika hapa, ni kuunda kabla ya tukio imani sahihi kulihusu, kwa kutegemea ushahidi uliopo. Mpiga ramli anayepatia kwa bahati hajaona mbele, na mtu mwenye ushahidi mzuri aliyekosea kwa sababu mambo yaligeuka hakuwa kipofu. Kwa upande wa kiongozi mpya, yapo mambo matatu ambayo mtu anaweza kuyaona au kuyakosa, nayo huchanganywa mno: tabia ya kiongozi, yaani namna anavyozoea kutumia mamlaka, mwelekeo wa mamlaka hayo, yaani nani yatamwangukia, na hatima yake, yaani hali ya nchi baada ya yote. Anayesema kwamba wapigakura waliona au hawakuona, bila kutaja ni lipi kati ya hayo matatu, hajasema jambo linaloweza kupimwa.

Katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015, John Pombe Magufuli wa Chama cha Mapinduzi alipata asilimia 58.46 ya kura za urais, naye Edward Lowassa wa Chadema, aliyeungwa mkono na umoja wa vyama vya upinzani wa Ukawa, akapata asilimia 39.97. Kwa watu wa Geita na Kahama, Magufuli hakuwa mgeni. Alizaliwa Chato, ndani ya eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Geita, na alikuwa mbunge tangu mwaka 1995, akashika wizara kadhaa katika serikali za Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete. Tabia yake ya kiutawala ilikuwa hadharani kwa miaka 20. Chini ya uongozi wake, nyumba zilizojengwa katika hifadhi ya barabara ziliwekewa alama ya X na kubomolewa, hata mwaka 2011 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati kuusimamisha ubomoaji huo. Nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipopandishwa mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200, Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, aliwajibu walalamikaji kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Mtu aliyemwita Tingatinga, jina alilopewa kwa mapenzi, alikuwa akisema waziwazi kwamba amemjua kiongozi anayesukuma kilicho mbele yake bila kukizunguka. Kwa upande wa tabia, basi, wapigakura waliona, na waliona vizuri.

Ambacho hawakukiona ni mwelekeo, na kutokukiona huko kuna mantiki yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wasema wahenga, na kila anayeomba mkuki hudhani anajua nguruwe ni nani. Mkazi wa Kakola au Bugarama, vijiji vya karibu na mgodi, aliyetamani rais mkali alikuwa na watu mahususi akilini: ofisa wa halmashauri anayekula fedha za zahanati, mbunge anayeonekana wakati wa kampeni pekee, na zaidi ya wote kampuni ya kigeni iliyozungushia uzio ardhi ambayo wazazi wake waliichimba. Ukali aliouona kwa waziri aliuwazia ukiwaangukia watu hao. Hakujiwazia yeye mwenyewe chini yake, kwa sababu mtu anayedai haki hujiona daima upande wa anayetendewa haki.

Kwa nini tamaa hiyo ya ukali ilikuwa kubwa Bulyanhulu kuliko sehemu nyingine, ni jambo lisiloeleweka bila kurudi mwaka 1996. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, Mkapa aliungwa mkono na Mwalimu Nyerere na kunadiwa kwa wananchi kama mtu safi asiye na doa la rushwa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba waliompa kura katika Kahama walimpa kwa ajili ya sera yake ya madini. Kabla mwaka haujatimia tangu aapishwe, Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo, pamoja na wanawake waliowapikia na vijana waliokuwa wakiponda mawe, waliondolewa katika maduara yao, yaani mashimo ya uchimbaji, ili kuipisha Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni wakiwa hai yalikanushwa na serikali na kampuni. Tundu Lissu, mwanasheria aliyeyafuatilia madai hayo, alifunguliwa mashtaka ya uchochezi. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, mgodi ukafunguliwa mwaka 2001, na mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo serikali hulipwa kama mwenye mali, ukawa asilimia 3 hadi sheria ya mwaka 2010 ilipoupandisha kufikia asilimia 4.

Mpigakura wa mwaka 1995, kwa hiyo, alichagua usafi, akaupata kwa kiasi fulani, na akaumizwa na jambo ambalo usafi haukuligusa. Mtoto wake, mpigakura wa mwaka 2015, alichagua dawa ya jeraha hilo. Hapa ndipo ilipo sehemu ya kuhuzunisha ya kuona mbele kwa umma: watu hupima kiongozi ajaye kwa kosa la aliyepita, kwa sababu hicho ndicho kipimo pekee walichokilipia kwa maumivu yao wenyewe, na kiongozi ajaye hukosea kwa namna nyingine. Kuwaita wajinga ni kutokuwatendea haki. Walikuwa wanajifunza, na walijifunza kwa bidii, ila somo lililokuwepo lilihusu hatari tofauti.

Mkuki ulirushwa mwaka 2017. Mwezi Machi serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini uliosagwa na kuchujwa ambao bado una dhahabu, shaba na fedha na ambao migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi iliupeleka nje kuyeyushwa. Makontena 277 yalishikiliwa Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliripoti kwamba kiasi cha dhahabu kilichomo kilizidi kwa mbali kilichotangazwa, na siku hiyo hiyo Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, akaondolewa. Mwezi Juni kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikaongeza hesabu ya kodi, na mwezi Julai kampuni ya Acacia, tanzu ya Barrick iliyoendesha migodi hiyo, ikapelekewa madai ya dola za Marekani bilioni 190 zikiwemo riba na adhabu. Katika vijiji vinavyouzunguka mgodi taarifa hizo zilipokewa kama fidia ya heshima iliyocheleweshwa kwa miaka 21, na mtu yeyote anayejua historia ya mahali pale hawezi kuidharau furaha hiyo.

Mwezi Septemba mwaka huo huo Acacia ilitangaza kusimamisha uchimbaji wa chini ya ardhi Bulyanhulu, na takriban watu 2,000, waajiriwa wa mgodi pamoja na wa wakandarasi, wakakabiliwa na kupoteza kazi. Walioanguka baada yao hawakuhesabiwa na mtu: mama lishe, mwenye nyumba za kupanga, dereva wa bodaboda, muuza nyanya. Madai ya dola bilioni 190 yaliishia katika makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, ambamo Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa katika migodi na kampuni ya pamoja ya Twiga Minerals ikaundwa. Makubaliano hayo si haba. Lakini miaka iliyopita kati ya mkuki na mapatano ililipwa na watu ambao hawakuwa kwenye meza ya mazungumzo, na ambao wengi wao walikuwa wamepiga kura ili jambo lile lile litendeke.

Ni lazima pia kukubali kwamba neno utawala mbaya haliwaangukii wote kwa uzito mmoja. Mwaka 2019 serikali ile ile iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na soko la dhahabu likafunguliwa Geita, hata mwenye duara na karasha la kupondea mawe akaweza kuuza kwa bei inayojulikana. Mchimbaji huyo, akiulizwa kama aliona mbele, atajibu kwamba aliona sawasawa. Kama ubaya wa utawala ungepimwa kwa kipato pekee, ubishi kati yake na mfanyakazi aliyeachishwa mgodini usingekuwa na mwisho.

Ubaya uliokuwepo ulikuwa wa aina nyingine, na ndio unaostahili jina hilo bila kusita. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalisitishwa; katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa; mwaka 2017 magazeti ya MwanaHALISI, Mawio, Raia Mwema na Tanzania Daima yakafungiwa kwa nyakati tofauti. Tarehe 7 Septemba 2017, Lissu, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akionya kwamba mikataba ya madini haivunjwi kwa amri bila gharama, alipigwa risasi nyingi nje ya makazi yake Dodoma na watu ambao hawajafikishwa mahakamani. Serikali yoyote huweza kukosea hesabu ya makinikia, lakini inayozima sauti zinazoonyesha kosa hujinyima njia ya kulijua, na huwanyima wananchi njia ya kusahihisha utabiri wao. Hakuna chochote kati ya hayo kilichonadiwa katika kampeni za 2015, zilizojaa elimu bila malipo, viwanda na mahakama ya mafisadi.

Wapo wanaosema leo kwamba walijua tangu mwanzo. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba watu wakishajua matokeo ya jambo hukadiria kwamba yalikuwa ya wazi zaidi kuliko walivyoyaona awali, na kumbukumbu ya utabiri wao wenyewe husogea kuyafuata matokeo bila wao kutambua. Waswahili walikwisha kusema kwamba ningejua huja nyuma. Utafiti huo unaongeza jambo moja chungu zaidi, kwamba ningejua hiyo baadaye hujivika vazi la nilijua. Ushahidi wa miezi ya mwisho ya 2015 unapingana na vazi hilo. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, Wakenya na Waafrika wengine walimsifu Magufuli mitandaoni na kuwataka marais wao wamwige. Kama watu hao wa nje, wasio na jeraha la 1996 la kuwapotosha, hawakuona, haifai kumdai mchimbaji wa Bulyanhulu kile ambacho hao hawakukitoa.

Zaidi ya hayo, kura haichagui kati ya kiongozi na ukamilifu. Mwaka 2015 mbadala wa Magufuli alikuwa Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond na kuhama CCM miezi michache kabla ya uchaguzi, akipokewa na chama kilichokuwa kimemtaja kwa miaka kama mfano wa ufisadi. Mpigakura alitakiwa kutabiri tawala mbili, ambapo moja tu ingetokea na nyingine isingejulikana kamwe. Lawama humlinganisha kiongozi aliyetawala na mtu wa kufikirika aliyetulia katika kichwa cha mlaumu.

Kosa la msingi, hata hivyo, liko katika kuifananisha kura na utabiri. Kura ni tendo la kukabidhi: mwenye mali humwachia mwingine aisimamie kwa muda, akihifadhi haki ya kuhoji na kunyang'anya. Anayekabidhi hawajibiki kujua yote yatakayotendwa, mradi haki hiyo ya kunyang'anya ipo na inafanya kazi. Ikiondolewa, anadaiwa maono ambayo hakuna binadamu aliyepewa. Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu jamii iliyo wazi, alitaka swali la nani atawale liachwe, liulizwe lile la namna ya kupanga taasisi ili mtawala mbaya asiweze kudhuru kupita kiasi. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013 ilikuwa jibu la Kitanzania kwa swali hilo: ilipendekeza wapigakura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha, na matokeo ya urais yaweze kupingwa katika Mahakama ya Juu. Pendekezo la kwanza liliondolewa katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Wapigakura wa Bulyanhulu walikwenda vituoni Oktoba mwaka huo chini ya Katiba ya 1977, ambayo Ibara yake ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Uamuzi huo ulitoka miezi mitatu na nusu hivi kabla ya uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, ambamo wagombea wengi wa upinzani walikwisha kuenguliwa kabla ya kura na ambao mshindi wake alitangazwa kwa asilimia 84, na siku hiyo mfanyakazi aliyeachishwa Bulyanhulu mwaka 2017 alipiga kura ibara ikiwa vile vile ilivyokuwa.